Mto Haukupotea Njia

Mwaka 2007 nilikuwa nikiishi Gloucester, Uingereza, si mbali na Tewkesbury, mji mdogo wa soko uliopo mahali mto Avon unapokutana na Severn. Tarehe 20 Julai mvua ilinyesha mchana kutwa. Siku mbili baadaye kanisa lao kubwa la mawe, lililokuwa la watawa na kuwekwa wakfu mwaka 1121, lilionekana katika picha za angani kama kisiwa. Watu wakasema mto umeuvamia mji.

Umeuvamia? Hebu tuseme kweli. Watawa walichagua mwinuko. Waliowafuata wakabanana vichochoroni, nyumba ikiegemea nyumba, kwa kuwa ardhi kavu ilikuwa haba. Ule uwanda wa majani uitwao Ham, kando ya Severn, wakauacha mtupu, na mtupu uko hadi leo. Kiangazi hukatwa majani. Mto ukifura hujilaza pale. Hawakuwa na picha za setilaiti wale. Walikuwa na macho, na waliyasadiki ya wazee wao.

Sisi wa zama hizi ndio tunaojenga mabondeni, kisha tunaziuza nyumba kwa sifa ya kutazama mto! Hata mtambo wa kusafisha maji wa Mythe, ulio ukingoni mwa Severn, ulizama. Watu wapatao 350,000 wakakosa maji ya bomba, wengine kwa zaidi ya wiki mbili. Nami nikapanga foleni na ndoo yangu barabarani, nikicheka peke yangu: niliyoyaacha Dar es Salaam yamenifuata. Mzee mmoja akaniuliza kama kwetu hayo hutokea. Nikamjibu, "Hutokea, mzee wangu, ila kwetu huitwa ujinga."

Hapo ndipo ninapokasirika. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na kabla matanga hayajaanuliwa tukaambiwa kuwa watu wa Jangwani ni wakaidi. Yule wa Jangwani alijenga bondeni kwa sababu kiwanja cha juu hakukimudu. Mjenzi wa Kiingereza ana fedha, ana wahandisi, ana ramani inayomwonyesha maji yatafika wapi, naye huomba kibali na hupewa. Mkaidi ni yupi?