Wengi wape, lakini si mlango wa mtu

KIBARAZANI NA BI MWANAIDI

Jumapili iliyopita nilitoka kwenye mkutano wa mtaa wetu nikitetemeka kwa hasira, na mpaka naandika haya hasira hiyo haijapoa.

Ajenda ilikuwa geti. Wezi wametuchosha. Wamebeba betri za bajaji, wamebeba kuku, wamebeba hata sufuria ya maharage iliyokuwa bado jikoni. Basi kamati ya ulinzi shirikishi ikaja na pendekezo: kile kichochoro kinachotokea barabara ya daladala kiwekwe geti la chuma, lifungwe saa nne usiku, lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi. Mimi mwenyewe nilikwenda pale nikiwa upande wa geti. Nalisema mapema ili asije mtu akaniambia natetea wezi.

Ndani ya kichochoro hicho kuna nyumba tatu. Ya kwanza ni ya mama anayekaanga samaki, ambaye nusu ya mtaa tunakula kwake. Hutoka saa kumi alfajiri na ndoo yake kuwahi soko la samaki la Feri, maana ukichelewa, samaki wa mtu mwenye mtaji mdogo wameshachukuliwa. Ya pili ina kijana anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Ya tatu anaishi muuguzi wa zamu za usiku. Njia nyingine ya kutokea ipo, lakini inavuka mtaro, na daraja lake ni ubao mmoja. Mwenye miguu miwili anaupita kwa kujikaza. Yule kijana haupiti kabisa.

Mama wa samaki akanyoosha mkono kuomba kusema. Nilikuwa nimekaa jirani yake, nikauona mkono huo vizuri: una alama za mafuta ya moto kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Akasema, "Mwenyekiti, mimi geti silikatai, ninachoomba tu..." Hakumaliza. Sauti ikatoka nyuma, "Kura! Kura!" Nyingine zikadakia. Mwenyekiti akaitisha kura. Wanaokubali, mikono 58. Wanaokataa, mitano, wa kwangu ukiwamo, kwa sababu sikuweza kuunga mkono geti ambalo mtu aliyefungiwa ndani yake hajasikilizwa. Mwenyekiti akafunga daftari. "Wengi wape," akasema, na makofi yakapigwa. Yule mama alikuwa bado amesimama.

Nikasimama na mimi. Nikaomba zichongwe funguo tatu za geti, kila nyumba ipewe wake. Jibu la mwenyekiti nalinukuu kama lilivyo: "Bi Mwanaidi, hoja imeshapita. Tukianza kuwapa hawa, kesho kila mtu atataka wa kwake." Watu wakacheka, tukahamia ajenda ya taka.

Nimelifikiria neno hilo wiki nzima. Wengi wape. Lisikilizeni vizuri. Halisemi kwamba wengi wana haki. Linasema tu kwamba wengi wana nguvu, na mwenye nguvu ni salama zaidi kumpa anachotaka. Ni ushauri wa mtu aliyezidiwa, nasi tumeugeuza kuwa sheria ya mikutano.

Wingi una kazi yake. Kama tuweke geti au tusiweke, la chuma au la mbao, tuchange shilingi ngapi, hayo ni mambo yetu sote na hesabu ya mikono ndiyo njia ya haki ya kuyaamua. Lakini kama mama fulani atoke nyumbani kwake alfajiri kwenda kutafuta riziki, hilo si la mikono 58. Hata ingekuwa mikono elfu, si la yeyote kati yao. Ndiyo maana mwaka 1984 haki za raia ziliingizwa ndani ya Katiba yetu, pamoja na haki ya mtu kwenda na kurudi. Ziliandikwa humo ili zisiwe zinapigiwa kura kila Jumapili chini ya mwarobaini.

Tumefikaje hapa? Mimi nasema ni malezi. Tulilelewa katika chama kimoja kuanzia mwaka 1965 hadi 1992. Katika miaka hiyo kura ya urais ilikuwa na jina moja, unachagua Ndiyo au Hapana, na anayesema Hapana alitazamwa kama mtu mwenye lake jambo. Mkutano mzuri ulikuwa ule ambao wote wamekubali. Vyama vingi vikaja, lakini mkutano wetu bado ni ule ule: anayepinga anaharibu shughuli, na mkono ulio peke yake hewani unamletea mwenyewe aibu.

Sasa kilichonichoma zaidi. Ile sauti ya kwanza iliyopiga kelele "Kura! Kura!" naijua. Ni ya jirani yetu mmoja ambaye ni mwanachama wa chama cha upinzani, tena mwanachama wa kweli, wa mvua na jua. Kila baada ya uchaguzi hukaa kwenye baraza langu akilalamika kwamba wachache katika nchi hii hawasikilizwi, nami humwitikia, kwa sababu anasema kweli.

Jirani yangu, nakuuliza hadharani: kadi iliyo mfukoni mwako umeipataje? Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi nzima ikiuliza watu kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu asilimia 80 walisema chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa takriban asilimia 20. Kwa "wengi wape" ya Jumapili, daftari lingefungwa palepale. Tume ikapendekeza vyama vingi. Mwalimu Nyerere naye alikuwa ameshaunga mkono mabadiliko, chama kilichokuwa madarakani kikakubali, na Julai 1, 1992 mlango ukafunguliwa. Wewe uliingia kwa mlango huo. Ulifunguliwa kwa sababu kuna watu waliowatazama wale wachache wakaona kwamba ni watu.

Au tutazame Muungano. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu watu milioni 62 Tanzania nzima, na Zanzibar hawafiki milioni 2. Hata hivyo yapo mambo ya msingi ya Muungano ambayo Katiba inakataa yabadilishwe mpaka yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Bara peke yake ingeweza kuwashinda Wazanzibari kwa mikono kila asubuhi. Katiba ikasema hapana, hesabu hiyo haitoshi.

Wasomaji wa siku nyingi mnakumbuka yale ya turubai la harusi lililoziba barabara yetu siku tatu, na mjamzito akabebwa mgongoni mpaka kwenye gari. Mpaka leo wengine mnaniita Bi Turubai na ninaitika. Lilikuwa jambo hili hili. Waliofurahi walikuwa wengi, aliyeumia alikuwa mmoja, na kwa kuwa alikuwa mmoja ikaonekana hakuna aliyeumia.

Geti lilifungwa kwa mara ya kwanza Jumanne usiku. Jumatano alfajiri nilisikia chuma kinagongwa, nikatoka na khanga yangu begani. Mama wa samaki alikuwa ndani, ndoo chini, anamwita mlinzi. Mlinzi alikuwa amelala na ufunguo, upande wa pili wa mtaa. Alipopatikana ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Siku hiyo mama hakukaanga.

Mwenyekiti, naamini wewe si mtu mbaya. Fundi wa funguo anakaa pale kituo cha daladala, hatua chache tu kutoka ofisini kwako, na anafungua saa mbili asubuhi. Zinatakiwa tatu.