Leseni ya Mgeni na Hesabu ya Mayai

Mwalimu wa elimu ya viumbe akiwaambia wanafunzi wake kwamba jina la kisayansi la kanga wetu wa porini ni Numida meleagris, na kwamba yule bata mzinga wa Amerika huitwa Meleagris gallopavo, huenda mwanafunzi mmoja mdadisi akauliza: Je, hawa wawili wana udugu gani hata wakashiriki jina? Jibu ni kwamba neno hilo ni la Kiyunani, na mwenyewe hasa ni kanga. Wazungu walipoanza kumjua ndege yule wa Amerika katika karne ya 16 walimchanganya na kanga, na mchanganyiko huo ukabaki katika majina yao mpaka leo. Kwa hiyo bata mzinga si mgeni kabisa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Amevaa jina la ndege wetu.

Makala haya yanahusu bata mzinga mwitu huko kwao, nchini Marekani, na hasa jambo moja ambalo kwa juu laonekana kuwa ni la karani na mhuri tu: leseni anayokata mwindaji wa majira ya kuchipua anapotoka jimbo lake na kwenda kuwinda katika jimbo la wenzake. Mgeni huyo hulipa ada kubwa kuliko mwenyeji, tena siku hizi katika baadhi ya majimbo hana hakika ya kuipata leseni hata akiwa na fedha mkononi. Wapo wanaosema hiyo ni dhuluma, na wapo wanaosema hiyo ni hifadhi. Maoni yangu ni kwamba si dhuluma; lakini pia mara nyingi si hifadhi. Ni ugawaji, na ugawaji ni vema uitwe kwa jina lake.

Tuanze na historia. Bata mzinga alikuwa nusura atoweke. Ukataji wa misitu na uwindaji usio na mipaka, wa kuuza nyama sokoni, ulimfyeka kiasi kwamba kufikia mwaka 1920 alikuwa amekwisha kabisa katika majimbo 18 kati ya 39 alimoishi tangu asili. Jitihada za kwanza za kumrudisha zilishindwa: ndege waliofugwa katika mabanda waliachiliwa msituni, nao wakafa, kwa sababu hawakuwa wamejifunza kwa mama zao namna ya kumkwepa adui. Ufanisi ulikuja tangu miaka ya 1950, wataalamu walipoanza kuwanasa ndege mwitu wenyewe kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo, wakawahamishia katika misitu iliyokuwa mitupu. Leo ndege huyu huwindwa katika majira ya kuchipua katika majimbo 49; Alaska peke yake ndiyo haina.

Ni nani aliyelipia kazi hiyo? Kwa sehemu kubwa ni wawindaji. Mwaka 1937 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ijulikanayo kwa majina ya watungaji wake, Pittman na Robertson. Ushuru wa bunduki na risasi ukaelekezwa katika hifadhi ya wanyama, na majimbo yakagawiwa fedha hizo kwa kuangalia ukubwa wa eneo na idadi ya wenye leseni. Sheria hiyo iliweka na sharti moja la busara: jimbo litakalochukua ada za leseni za uwindaji na kuzitumia kwa shughuli nyingine zisizohusu idara yake ya wanyama na samaki halitapata mgawo. Hivyo kila leseni, ya mwenyeji na ya mgeni, ina kazi mbili: yenyewe ni fedha, tena inahesabiwa katika kuleta fedha nyingine.

Sasa tutazame elimu ya viumbe, maana kanuni zote za uwindaji huu zimejengwa juu yake. Mchana unaporefuka baada ya baridi, madume huanza kulia kwa sauti kubwa alfajiri na kutandaza mikia ili kuwavuta majike. Dume mmoja hupanda majike wengi. Jike akishapandwa huweza kuitunza mbegu mwilini kwa majuma kadhaa, akataga takriban yai moja kila siku mpaka afikishe kumi au kumi na mawili, kisha akaatamia kwa muda wa siku 28 hivi, chini, majanini, pasipo ulinzi wa dume. Dume hana sehemu yoyote katika kuatamia wala kulea.

Kutokana na hayo, kanuni zinajieleza zenyewe. Katika majira ya kuchipua huuawa ndege wenye ndevu kifuani, yaani karibu wote ni madume, kwa kuwa majike wakiwa wamekwisha kupandwa kuondoka kwa baadhi ya madume hakupunguzi vifaranga. Wataalamu hujitahidi kufungua msimu karibu na wakati ambapo majike wengi wameanza kuatamia, ili mwindaji asivuruge upandaji, wala asimpige jike kwa kukosea. Majimbo mengine hufunga uwindaji adhuhuri. Mwindaji hutakiwa kuwa amehudhuria mafunzo ya usalama, na cheti cha mafunzo hayo kwa kawaida hukubaliwa katika jimbo jingine. Ndege akiuawa hana budi kuandikwa na kuripotiwa. Wawindaji hufundishwa hata kutovaa nyekundu, nyeupe wala buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwenzako aliyejificha kichakani aweza kukufyatulia marisawa akidhani amemwona ndege.

Jiografia nayo ina neno lake. Majira ya kuchipua hayafiki kila mahali siku moja. Huanzia kusini na kupanda kuelekea kaskazini. Kusini mwa Florida msimu hufunguliwa mwanzoni mwa mwezi Machi, ilhali katika Maine ndege bado huwindwa mwezi Mei. Basi mwenye fedha na nafasi aweza kuyafuata majira kama ndege wahamao, akatoka jimbo hili kwenda lile kwa miezi mitatu. Kila jimbo humwekea kikomo chake, lakini kikomo hicho hakiulizi ameua wangapi kwingineko. Hapo ndipo mgeni alipoanza kutazamwa kwa jicho la wasiwasi.

Kisheria, jimbo lina haki ya kumbagua mgeni katika jambo hili. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataza South Carolina kumtoza mvuvi wa kamba wa kutoka nje dola 2,500 wakati mwenyeji alilipa dola 25, kwa sababu uvuvi ule ulikuwa riziki ya mtu. Lakini mwaka 1978, katika shauri lililotoka Montana, mahakama hiyo hiyo iliruhusu mgeni atozwe dola 225 ili aweze kumwinda kulungu mkubwa aitwaye elki, ambaye leseni yake kwa mwenyeji ilikuwa dola 9. Uwindaji ule, ilisema, ni burudani. Si haki ya msingi ya raia. Mwaka 2005 Bunge likathibitisha kwa sheria kwamba majimbo yanaweza kuweka tofauti baina ya mwenyeji na mgeni.

Miaka ya karibuni tofauti hiyo imekuwa kali zaidi, kwa sababu bata mzinga wamepungua katika sehemu nyingi, hususan kusini mashariki. Mwaka 2022 Alabama ilichelewesha ufunguzi na kupunguza kikomo cha mwindaji kutoka ndege watano hadi wanne, na kanuni hizo ziliwapata wenyeji na wageni sawasawa. Lakini mwaka 2024 Nebraska iliweka ukomo wa vibali 10,000 kwa wageni, na Kansas ikaanza kuwapigisha kura wageni wanaoomba vibali.

Mgeni analalamika, wala malalamiko yake si ya kupuuzwa. Misitu ya taifa ni mali ya raia wote. Inakuwaje yeye ni mwenye ardhi, lakini kwa ndege anayetembea juu ya ardhi hiyo ni mpitanjia? Mwenyeji naye hujibu: mimi ndiye ninayeishi na ndege huyu mwaka mzima; hula nafaka yangu; nami hununua leseni hata mwaka ambao sipati kitu. Jibu hilo lina uzito, na ndiyo sababu naona si dhuluma mgeni kulipa zaidi. Mwenye mji hula na wageni wake, lakini haambiwi awaachie chungu.

Hata hivyo, tusichanganye haki ya kugawa na kazi ya kuhifadhi. Naomba walimu wawape wanafunzi hesabu hii, ambayo tarakimu zake ni za mfano tu. Tuwe na majike 100, kila mmoja ametaga mayai 11. Katika viota hivyo 25 tu vimefanikiwa. Vilivyobaki vimeliwa na wanyama wala mayai. Tumepata vifaranga 275. Robo yao wanafikia umri wa ukubwa, yaani 69 hivi, na nusu yao, 34, ni majike. Iwapo majike wakubwa 40 walikufa katika mwaka huo, wamebaki 60; ukijumlisha 34 unapata 94. Kundi limepungua. Sasa badilisha jambo moja tu: viota 30 vifanikiwe badala ya 25. Vifaranga ni 330, watakaokua ni 82, majike ni 41, na jumla ni 101. Kundi limeongezeka.

Mwanafunzi na aitazame tena hesabu hiyo, kisha aeleze ni wapi ameonekana mwindaji wa majira ya kuchipua. Hayumo. Maadamu kila jike amepata dume, idadi ya madume waliouawa haiingii katika jumla, wala hesabu haijali kama bunduki ilishikwa na mwenyeji au mgeni. Kinachoamua ni kiota, kifaranga na mama: majani ya kujificha, wadudu wa kuliwa na vifaranga, mvua, na maadui. Hata suala la tarehe halijawa jepesi kama lilivyodhaniwa: katika wilaya kadhaa za kusini mwa Tennessee ufunguzi ulicheleweshwa kwa siku 14, na watafiti waliofuatilia hawakuona ongezeko la vifaranga. Hii haina maana kwamba vikomo havifai. Madume wakipungua mno hesabu yetu itavunjika, kwani sharti lake la kwanza halitatimia. Tena wawindaji wakijazana msituni, uwindaji wenyewe huharibika. Lakini maana yake ni kwamba kumzuia mgeni hakumwongezei jike hata yai moja.

Tena kuna hatari. Mgeni ni rahisi kulaumiwa, kwa kuwa hapigi kura katika jimbo analowinda. Mwenye shamba aliyefyeka vichaka vyote hadi ukingoni mwa mto anapiga kura. Jimbo linalomfungia mgeni mlango bila kugusa vichaka litakuwa limepunguza fedha za hifadhi na kuacha ugonjwa palepale. Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kizuizi kitangazwe pamoja na sababu yake: kama ni cha kulinda viota, ionyeshwe hesabu, kama ni cha kugawa kilicho kichache, isemwe hivyo waziwazi. Pili, ile ziada anayolipa mgeni ielekezwe kwenye makazi ya majike na vifaranga, ili awe amechangia kile alichokuja kukichukua.

Nasi huku hatuko mbali na suala hili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania imeuruhusu chini ya sheria ya mwaka 1974 na kisha ya mwaka 2009, na wageni wanaokuja kuwinda hulipa zaidi ya raia. Kila mmoja anaweza kuwa na maoni yake kuhusu njia hizo mbili. Lakini kabla ya kubishana nani apewe leseni na kwa bei gani, hatuna budi kwanza kwenda porini, tuhesabu mayai.