Usiyafute macho ya bibi kabla hujamuuliza

Niko Kahama. Vumbi lipo, jua lipo, malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita kama kawaida.

Leo nataka kuzungumzia picha. Tena si picha za wakubwa wanaokata utepe, hizo mnaziona kila siku kwenye magazeti yetu (likiwemo ninalofanyia kazi mimi). Nataka kuzungumzia dogo mmoja wa mtaani kwetu, anasoma mwaka wa pili chuo kimoja kule Mwanza. Yuko likizo. Boom la muhula uliopita kalibana bana mpaka kanunua kamera ya mtumba, na kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari anaamini najua kila kitu kuhusu kamera. Sikumkatisha tamaa.

Alikuja jioni na kompyuta yake. Kapanga picha kwenye mafolda: sendofu na harusi, wachimbaji wadogo, malori na madereva wake, mashamba ya mpunga, sura za watu. Swali lake likawa hili: "Kaka, nichague ipi? Wenzangu wanasema mpiga picha lazima awe na fani yake moja."

Mimi nasema asikimbilie kuchagua. Mtazame Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambako alianzisha Camerapix mwaka 1963. Dunia inamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984. Lakini mtu huyo huyo alipiga mapinduzi, marais, wanyama wa porini, mandhari na hija ya Makka. Jicho lake lilikua kwa kuzunguka. Mwanafunzi mwenye miaka ishirini na kitu akijifungia kwenye harusi tu, atapata hela ya kula, sikatai, ila hatajua kama angeweza kitu kingine.

Basi, hilo la fani tulilimaliza haraka. Kilichotukalisha mpaka saa nne usiku ni kile anachowafanyia watu baada ya kuwapiga picha.

Kwenye folda la harusi, mabibi harusi wote walikuwa weupe. Nikamuuliza, hawa dada zetu wa Kisukuma wamepatwa na nini? Akacheka. "Ndivyo wateja wanavyotaka kaka, usipomng'arisha anasema studio yako haina viwango." Hapa sitamlaumu sana, picha ni ya mteja na hela ni ya mteja. Lakini najiuliza, kizazi kinachokuja kitakapofungua hizo albamu kitajuaje bibi zao walifananaje? Kupandisha mwanga kwa sababu ukumbi ulikuwa na giza ni jambo moja. Kumbadilisha mtu rangi ni jambo jingine kabisa.

Kwenye folda la wachimbaji kulikuwa na kosa zaidi. Kijana kasimama kwenye mdomo wa shimo, juu yake mawingu meusi ya kutisha. Picha kali! Nikauliza, siku ile mvua ilinyesha? Haikunyesha. Mawingu kayatoa kwenye picha nyingine "ili kuongeza hisia". Nikamsimulia kisa cha mwaka 2006, wakati wa vita vya Lebanon. Mpiga picha mmoja wa kujitegemea aliyekuwa akiliuzia shirika la habari la Reuters aliongeza moshi kwenye picha ya Beirut iliyoshambuliwa. Wasomaji wa intaneti wakagundua kwamba moshi umejirudia rudia. Reuters ikaachana naye na kuondoa picha zake 920 kwenye hifadhi yake ya mauzo. Fikiria, Beirut ilikuwa imepigwa kweli na moshi ulikuwepo kweli! Alichoongeza ni kidogo tu, lakini kikawapa watu sababu ya kutilia shaka hata ule wa kweli.

Sisi wa huku tunapaswa kuelewa hili kuliko wengine. Mwaka 2015 wachimbaji watano waliokolewa kwenye shimo la Nyangalata hapa hapa Kahama baada ya siku 41 chini ya ardhi, mwenzao mmoja akiwa amefia humo. Wangekuwa mbele ya kamera yako wakati wanatolewa, ungewaongezea nini? Siku arobaini na moja hazihitaji mawingu ya kupandikiza.

Dogo akakubali. Tukatunga kanuni: rekebisha kosa la kamera, usirekebishe maisha ya mtu. Giza, rangi iliyokwenda kombo kwa sababu ya taa, vumbi kwenye lenzi, hayo rekebisha. Ngozi, makovu, mawingu, idadi ya watu, hayo acha.

Nikajiona mwalimu. Halafu akafungua picha ya mwisho.

Ilikuwa ya bibi yake, mama mzaa mama, anaishi kijijini nje ya mji. Kakaa mlangoni, mwanga unamwingia ubavuni, mikunjo ya uso yote inasomeka. Picha nzuri kuliko zote. Lakini nilihisi kuna kitu hakiko sawa. Macho yalikuwa meupe mno, kama ya mtoto. "Nimeyasafisha," akasema. "Yalikuwa mekundu."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishi huku, nieleze. Kuna ule wekundu wa macho unaotokana na flashi: mwanga unaingia kwenye mboni na kurudi na rangi ya damu nyuma ya jicho. Hilo ni kosa la kamera, programu inalifuta mara moja. Macho ya bibi hayakuwa hayo. Bibi zetu wamepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, sitini, kwenye jiko lisilo na dirisha. Moshi ndio uliowapa macho mekundu. Na katika mikoa hii yetu, Shinyanga, Mwanza, Tabora, Geita, macho mekundu ya mwanamke mzee yamegeuzwa kuwa ushahidi wa uchawi. Mganga anapiga ramli, mtoto kaugua au ng'ombe wamekufa, na usiku watu wanakuja na mapanga. Wakati mwingine nyuma ya ramli kuna shamba ambalo mtu analitaka. Miaka ya 1990 na 2000 habari za mauaji ya vikongwe zilitujaa magazetini mpaka zikawa vijihabari vya aya tatu ukurasa wa ndani.

Kwa hiyo kanuni yangu nzuri ya nusu saa iliyopita ilianguka pale pale. Kwa kanuni yangu, dogo kakosea, kafuta maisha ya mtu. Tena kafuta ushahidi, kwa sababu picha hiyo yenye macho mekundu ingeweza kumfundisha mtu kwamba huu ni moshi, si uchawi. Lakini yeye hakufikiria ushahidi. "Kaka, hii nilitaka kuiweka Facebook. Mtu akiiona pale kijijini je?"

Nilikosa jibu. Nakiri pia kwamba mwandishi ndani yangu alikuwa ameshaanza kuwaza kichwa cha habari.

Nikakumbuka picha ya Minamata, Japani. W. Eugene Smith aliipiga mwaka 1971, mama akimwogesha binti yake aliyeharibiwa mwili na zebaki ya kiwandani akiwa tumboni. Zebaki hiyo hiyo ambayo wachimbaji wetu wadogo wanaikandia dhahabu kwa mikono mitupu. Picha ile iliifumbua macho dunia. Binti akafariki mwaka 1977, na wazazi wakachoka kumwona mtoto wao akizunguka duniani bila kupumzika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliyekuwa mke wa Smith, mwenye haki za picha ile, akakubaliana nao isichapishwe tena. Picha ya kweli kabisa, yenye faida kabisa, na bado mwenye uso alikuwa na la kusema.

Nikamwambia dogo: kamuulize bibi. Jumapili tukaenda wote kwa bodaboda. Baada ya mwangaluka na uji, dogo akamwonyesha picha zote mbili, iliyosafishwa na isiyosafishwa. Bibi akaishika ile iliyosafishwa, akaitazama kwa muda. "Huyu nani?" akauliza. Tukacheka, yeye hakucheka.

Akasema ile ya macho yake ichapwe, itundikwe ukutani kwa binti yake mjini, wajukuu wamjue. Ila isiende kwa watu asiowajua. "Mjukuu wangu, ninyi mtarudi mjini. Mimi nalala hapa." Dogo akamwomba basi ampige jikoni, mikono tu, akichochea moto. Hiyo akaruhusu ionyeshwe popote. Moshi umejaa picha nzima na hakuna aliyeuongeza.

Sasa maoni yangu, kwa wote mnaoshika kamera siku hizi (na kwa simu hizi ni sote). Kanuni ya kutodanganya ibaki, hasa kwetu wa magazeti. Lakini haitoshi. Kama ukweli wa picha unaweza kumletea mtu panga, usiuchakachue ukweli, ila pia usiusambaze kwa ujasiri wa mwenzako. Muulize. Akikataa, badili pembe, badili fani, piga mikono, piga jiko, piga moshi wenyewe. Ndiyo maana namtaka dogo ajue aina nyingi za picha: mwenye njia moja tu ya kupiga, akikataliwa uso, anabaki na uongo au hana kitu.

Niliporudi kazini nikamsimulia mkubwa mmoja. Akaniuliza kwa nini sikuchukua ile ya macho mekundu, "ingeuza". Inawezekana ingeuza. Ila sisi tungelala mjini.

Wewe ungefanyaje? Nawasilisha.