Tawakali Haiuzwi kwa Chupa

Katika uwanda wa juu wa Iramba, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu wa mwaka, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, mtu wa Kinampanda huijua dhiki kwa majina ya miezi yake. Na ifikapo Januari na Februari, kihenge kikiwa kimebakiwa na vumbi ilhali uwele ungali mbichi shambani, ndipo wajapo wachuuzi wa faraja za haraka. Yupo anunuaye alizeti ingali maua, kwa bei ya kutupa. Yupo mwenye mkopo ambao wakopaji wenyewe wameupa jina la kausha damu. Na siku hizi yupo pia, tena mwenye sauti kubwa kuliko hao wote, mwenye chupa ya mafuta ya upako, aahidiye kwamba ainunuaye leo atapata ng'ombe, kazi na afya kabla mwezi haujaandama.

Huyu wa tatu, ajapovaa joho, namhesabu kuwa ndugu wa wale wawili. Anasa ya dunia haiachi kuwa anasa kwa sababu imetajiwa jina la Mungu, na Mkristo amtegemeaye Mungu ili apate gari hakumtegemea Mungu hata kidogo. Amelitegemea gari, na Muumba wake amemfanya dalali. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana katika mbio za kuyawahi mafuta ya namna hiyo. Siwalaumu marehemu, maana dhiki humsukuma mtu kokote. Bali nawastaajabia waliosikia habari ile na wakaendelea na biashara kama kwamba hapakuwa na msiba.

Wazee wa Iramba walifundishwa imani kwa njia nyingine. Wamisionari wa Leipzig waliofungua kazi huku kabla ya Vita Kuu ya Kwanza waliondolewa na Waingereza mwaka 1920, kwa kuwa walikuwa Wajerumani, na Wakristo wachache waliobaki wakakaa miaka kadhaa bila mchungaji wa kuwabatizia watoto, hata walipokuja Walutheri wa Augustana kutoka Marekani katikati ya miaka ya 1920. Vita ya pili ilipozuka, majaribu yaliwageukia hao wamisionari wa Augustana. Mwezi Aprili 1941 meli ya Kimisri iitwayo Zamzam ilipigwa mizinga katika Atlantiki ya Kusini na Atlantis, meli ya vita ya Kijerumani iliyojigeuza sura ya meli ya biashara. Na miongoni mwa abiria alikuwamo Lillian Danielson pamoja na watoto wake sita, wakija Tanganyika kwa mumewe Elmer, mmisionari wa Augustana. Wote saba waliokolewa, tena na meli ile ile iliyowazamisha. Lakini hawakufika Tanganyika safari ile, bali walirejeshwa Marekani, na mume akabaki huku na kazi ya misioni zilizoachwa yatima na vita. Mhubiri wa chupa angeisimuliaje habari hii? Maombi yao yalikuwa ya kweli, wokovu wao ulikuwa wa ajabu, na bado walichokitaka hawakukipata.

Nabii Habakuki, katika sura ya tatu, huhesabu moja moja mazao yaliyokosekana na mazizi yaliyobaki matupu, kisha asema kwamba atamfurahia Bwana. Wala hataji mahali popote kwamba mazizi yalijaa baada ya furaha hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mafundisho kama haya huwafunza maskini kukaa kimya na kungojea. Hoja hiyo ina uzito, na ningeikubali lau tawakali ingekuwa kukunja mikono. Lakini tazama nje ya kanisa la Kilutheri Jumapili baada ya ibada, sadaka za mali zinaponadiwa: mzee wa kanisa amemshika kuku miguu, kuku anapapatika, bei inapanda kwa shilingi mia mia na vicheko, na mara nyingine aliyeshinda humpa kuku yule yule bibi mgonjwa aliyeketi kivulini. Hapo hapana aliyeahidiwa kitu. Aliyetoa ametoa katika uhaba, aliyenunua amenunua zaidi ya thamani, na mgonjwa amekula. Nami sijaona muujiza wa jukwaani uliolisha mtu kwa hakika kama huo.

Kwa hiyo nawasihi wazee wa sharika za Iramba, mavuno ya uwele na mtama yajapo, watenge sehemu ya sadaka hizo za nafaka wasiinadi, waiweke ghalani hata Januari, wawagawie wenye vihenge vitupu pasipo kuuliza dhehebu. Na mwenye chupa akija kuomba uwanja wa kanisa, wamnyime.