Mazungumzo ya Bakteria Hayatibiwi kwa Kubahatisha

Bakteria huwasiliana. Kila mmoja hutoa molekuli ndogo za ishara. Idadi yao inapoongezeka, molekuli hizo hulimbikizana, na kundi zima hubadili mwenendo kwa pamoja. Mnamo mwaka 1970 wanasayansi walilieleza jambo hili kwa bakteria wa baharini watoao mwanga. Leo swali limehamia katika mwili wa binadamu: je, seli za saratani nazo huzipokea ishara hizo?

Majaribio ya maabara yanaashiria kwamba huenda huzipokea. Baadhi ya peptidi za ishara zimezifanya seli za saratani ya utumbo mpana zizidi kupenya tishu za jirani. Kinyume chake, molekuli ya ishara ya bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa imeua seli za saratani ya matiti. Ishara hizo, basi, hazina athari moja. Tena seli zilizokuzwa katika chombo cha maabara si mgonjwa.

Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa asikiaye kwamba bakteria huchochea saratani aweza kwenda duka la dawa na kununua viuavijasumu bila cheti cha daktari. Dawa hizo huua bakteria wenye manufaa pamoja na wenye madhara, na huchochea usugu. Wakati huo huo uvimbe, kama upo, huendelea kukua bila kuchunguzwa.

Penye ushahidi wa kutosha, njia iko wazi. Bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, aliwekwa mwaka 1994 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani. Huyu hupimwa, na akithibitika, hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja chini ya uangalizi wa daktari. Kipimo hutangulia, dawa hufuata.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anapoulizwa kuhusu habari hizi, asizipuuze wala asizikuze. Aeleze kwamba utafiti huu waweza siku moja kuzaa tiba ya kuzuia ishara hizo, lakini tiba hiyo haijathibitishwa kwa wagonjwa wa saratani. Kwa sasa, aonaye damu katika kinyesi, au mabadiliko ya choo yasiyokoma, awahi hospitalini. Naye aliyeanza matibabu ya saratani asiyaache kwa ajili ya vidonge vya kubahatisha.