Sufuria ilipigiwa makofi, na dada zetu je?



Siku moja ya posho, wakati wa likizo, nilifuatana na mama na dada yangu mudogo kwenda kuangalia maonyesho ya vyombo vya nyumbani hapa mjini Bukavu. Watu walikuwa wengi sana. Tuliona friji, pasi, na mashini za kusaga pilipili na nyanya. Lakini kundi kubwa kuliko yote lilisimama mbele ya kijana mumoja aliyevaa nguo nyeupe ya mpishi. Alikuwa anapika maharagi ndani ya sufuria ya umeme, yenye mfuniko unaofungwa kabisa hata mvuke hautoki.

Alitia maharagi, maji na chumvi, akafunga, akabonyeza. Kisha akatuchekesha kwa maneno mengi, na kiisha dakika karibu makumi ine akafungua. Maharagi yalikuwa yameiva vizuri. Tukapiga makofi. Mimi vilevile nilipiga.

Ndipo mama muzee mumoja akauliza: «We mutoto, maharagi hii uliloweka?» Kijana akacheka: «Ndiyo mama, tangu jana magaribi.» Mama wa pili naye akauliza: «Na moto ikikatika mbele iive?» Kijana akajibu kwamba sufuria inalinda joto, kisha akarudia habari ya bei. Ile bei ilipita minervali yangu ya miezi mingi.

Sisemi kijana alitudanganya. Chombo chenyewe ni kizuri, na fizika inaeleza sababu. Ziwa letu Kivu liko kwenye metre 1 460 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo maji huku kwetu yanachemka kwa digrii 95 tu, si 100, na ndiyo maana maharagi yanachelewa kuiva. Ndani ya sufuria iliyofungwa mvuke unasukuma, na joto linaweza kupita digrii 110. Tena akili hii si ya leo. Denis Papin, Mprotestanti wa Ufaransa, alionyesha sufuria ya namna hii London katika mwaka 1679. Katika 1682 aliwapikia wataalamu wa Royal Society chakula cha magaribi, hata mifupa ikawa laini, na makaa yaliyotumika yalikuwa kidogo sana. Basi tangu miaka zaidi ya 340 watu wanasimama mbele ya sufuria hii na kushangaa.

Lakini tulipokuwa tunarudi, makofi yale yalinisumbua. Dada yangu anaamuka saa kumi na moja kamili. Anapepea mbabula mpaka macho yanakuwa mekundu, anachagua mawe ndani ya maharagi, anachota maji, kiisha anakimbia masomoni. Akichelewa, anapewa azabu. Mimi wakati ule ninasoma kalasi langu kwa utulivu, halafu watu wanasema mimi ni mwerevu kuliko yeye. Anapika tangu akiwa na miaka tisa. Sijampigia makofi hata siku moja.

Ninajua wengine watasema: «Tungojee umeme ufike vizuri, tununue sufuria, mambo yatakwisha.» Mimi sikubali. Kwanza, kwetu wengi umeme haujafika, na penye umefika unakwenda na kurudi. Pili, sufuria ile haichagui mawe, haichoti maji, haioshi sahani. Ikiingia katika nyumba ambamo muvulana hagusi kazi ya jiko, itapunguza makala, lakini dada ataamuka tu.

Kitu cha maana tulichopata kwenye maonyesho yale ni jibu kwa mama muzee: maharagi yaliyolowekwa. Hicho hakiuzwi. Tangu siku ile mimi mwenyewe ninachagua maharagi magaribi na kuyaloweka. Juu ya mbabula yetu yalikuwa yanapita saa tatu. Sasa hayafiki mbili, na makala yanabaki. Tena ninachota maji mbele ya kulala. Dada anaamuka saa kumi na mbili, na muhula huu hajachelewa tena. Rafiki zangu wawili walinicheka wakiniita «mama wa jiko». Mumoja wao sasa anaulizia namna ya kuloweka.

Siku umeme utakapokuwa wa hakika na bei itakaposhuka, na tununue sufuria, tufurahi. Lakini tusingojee mashini itufanyie wema ambao mikono yetu inaweza kufanya leo. Wavulana wa masomo haya, ninawaomba muanze na kazi moja tu nyumbani, maji ao maharagi. Na asiyekubaliana nami aandike katika bulletin itakayofuata, nitamusoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Sayansi