Usininunulie Pampu ya Mgongoni

Wasee, hii tabia ya kuletea walemavu vifaa vya ovyo halafu mnangoja shukrani, iishe. Mimi natembea na magongo mawili. Mtu ananiletea pampu ya mgongoni ya lita 20! Maji pekee ni kilo 20. Niliacha chuo, sikuacha hesabu.

Hapa Cheptais mvua ya Elgon ikinyesha, mteremko wote ni tope, magongo yanazama. Ndio maana napanda uyoga ndani ya nyumba. Uyoga hautaki ekari wala jua kali, unataka kivuli, unyevu na usafi. Sasa rafu ya mbao hafifu kwa huo unyevu inaoza, na siku nikiiegemea tunaanguka sote. Nataka ya chuma, inifike kiunoni. Mwenye kiti cha magurudumu anataka nafasi ya magoti chini yake. Chupa ya kunyunyizia ya lita 2 inatosha kabisa.

Eti “bora kitu”? Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inatupa haki ya vifaa vya kushinda vikwazo vya ulemavu. Pampu yenu ni kikwazo kingine. Ukitaka kusaidia, kuja kwanza na futi unipime kiuno, ndio uende duka za Kitale.